Saa Tano za Kivuli

Barabara ya lami itokayo Nzega hufika Tinde ikagawanyika, tawi moja likashika njia ya Isaka na Kahama, na la pili likapanda kaskazini kuelekea Shinyanga mjini na hatimaye Mwanza. Na juu ya tawi hili la pili ndipo ilipo Didia, mahali ambapo msafiri wa basi aghalabu hupaona dirishani tu, mapaa ya mabati, mashamba, na meza za wauza vyakula kando ya njia, kisha basi likampita. Muhogo si mfalme wa mashamba ya huku. Wasukuma wa upande huu ni watu wa mahindi, mtama, mpunga na viazi vitamu, ambavyo huvikata vipande na kuvianika vikawa michembe, au huvichemsha kwanza kisha wakavianika vikawa matobolwa. Walakini muhogo haukosi, kwa kuwa tangu zama za utawala wa Waingereza wakulima wa nchi kavu kama hii walihimizwa, na mara nyingine wakalazimishwa kwa amri, kupanda muhogo uwe akiba ya mwaka wa njaa. Nao ukishavundikwa na kuanikwa huitwa udaga, na ugali wake huliwa tokea huku hadi Geita na Kigoma.

Nchi hii hii ndiyo nchi ya dhahabu. Tangu mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza kazi mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka uliofuata, jina la sianidi limekuwa la kawaida vinywani mwa watu wa Kanda ya Ziwa, wala si la wataalamu peke yao. Mchimbaji mdogo asagaye mawe kwa karasha, akakamata dhahabu yake kwa zebaki pale mwaloni, ajua fika kwamba mchanga uliobaki, ambao yeye huuita marudio, bado una mali ndani yake, na kwamba mwenye mtambo wa kuchenjulia ataununua ili auloweke katika maji ya sianidi na kuitoa ile dhahabu iliyowashinda zebaki na mikono. Kwa hiyo akisikia sianidi, fikira zake huenda kwenye mapipa yenye alama ya fuvu la kichwa, na mabwawa yaliyozungushiwa uzio. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kitu kile kile, kwa kadiri ndogo lakini kwa tabia ile ile, kilikuwamo ndani ya muhogo kabla haujawa udaga, na kwamba kuna watu waliotumia sehemu kubwa ya umri wao wa kazi kukichunguza humo. Wa kwanza miongoni mwao, kwa upande wa nchi yetu, ni Dk. Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1973. Na habari zake hazielezeki bila kwanza kueleza habari za kimeng'enya kimoja.

Kimeng'enya ni protini iliyoumbwa kwa kazi moja mahsusi, nayo ni kuharakisha badiliko la kikemia ambalo bila yake lingechukua dahari. Na baada ya kazi hubaki vile vile kilivyokuwa, tayari kuianza upya. Ndani ya muhogo kuna kitu kiitwacho linamarini, ambacho ni sukari iliyofungamana na sianidi, na maadamu imefungamana haitoi madhara yake. Kando yake kuna kimeng'enya kiitwacho linamarazi, ambacho kazi yake ni kuufungua ule mfungamano. Maumbile yameviweka viwili hivi mbalimbali, mithili ya baruti na kiberiti katika nyumba moja yenye vyumba viwili: linamarini imo katika vifuko vya maji ndani ya seli, na linamarazi imo katika kuta za seli. Muhogo ukiwa mzima shambani havionani. Ngedere akiutafuna, au mama akiukwangua, kuta huvunjika, vikakutana; sukari hubanduka, na kinachobaki hakina uthabiti, hata hupasuka chenyewe penye joto na pasipo uchachu mwingi, kikaitoa sianidi huru. Na sianidi hii hugeuka kuwa hewa kwa joto la nyuzi 26 hivi za Selsiasi, joto ambalo mchana wa Shinyanga hulipita karibu mwaka mzima.

Huu ndio ulinzi wa muhogo dhidi ya walao, na ndiyo sababu mihogo michungu hupendwa na wakulima wa mahali penye nguruwe na wezi. Lakini angalia jambo ambalo kwa mara ya kwanza hushangaza. Kitu kinachozalisha sumu ndicho hicho hicho kinachoiondoa. Kimeng'enya kikipewa maji, mgusano na muda, huifungua linamarini yote, na ile sianidi ikaruka na upepo, ukabaki wanga safi. Kikinyimwa kimojawapo, linamarini hubaki imefungwa ndani ya unga, ikaingia tumboni mwa mlaji, na huko sehemu yake ikafunguliwa na vijidudu vya matumbo. Kwa hiyo moto si dawa kama watu wengi wanavyodhani, maana kuuchemsha muhogo mchungu mara tu baada ya kuumenya hukiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini haijali maji ya moto. Jua nalo si dawa timilifu, kwa sababu kipande kikikauka upesi kimeng'enya hulala. Vipimo vilivyofanywa Msumbiji viliona kwamba kuanika peke yake huacha takriban robo hadi theluthi ya sumu, ilhali kuvundika kwanza huacha kama nusu ya hapo.

Basi mtazame mama anayetengeneza udaga. Huimenya mihogo, akairundika, akaifunika kwa majani au gunia kwa siku tatu au nne hata ukaota ukungu, mweupe, na mweusi na wa rangi ya machungwa. Kisha akaifunua, akaparua ule ukungu kwa kisu, akaponda ile nyama iliyolainika, ndipo akaianika. Mgeni huona uozo. Mwanabayokemia huona kwamba ukungu ule una vimeng'enya vyake wenyewe vinavyozilainisha kuta za seli, na kwamba unyevu na joto la lundo huvipa vile vilivyotenganishwa nafasi ya kukutana, tena si kwa dakika bali kwa siku. Elimu hii haina mwandishi wala tarehe, na kwa kuwa muhogo wenyewe ulitoka Amerika ya Kusini ukaletwa Afrika na Wareno katika karne ya 16, hatuna budi kukiri kwamba mabibi zetu waliikamilisha kwa vizazi vichache tu, kwa majaribio ambayo gharama yake hakuna aliyeiandika.

Gharama ilipokuja kuandikwa, iliandikwa kaskazini mwa nchi, katika Wilaya ya Tarime, mwaka 1985. Ulikuwa mwaka wa ukame, na ukame una hila mbili kwa wakati mmoja: huua mazao mengine yote ukabaki muhogo peke yake, na huuongezea muhogo ule linamarini. Watu waliolala wazima waliamka miguu imekakamaa, aghalabu katika muda wa siku moja tu, hasa wanawake wa umri wa kuzaa na watoto waliokwisha kuachishwa ziwa. Aliyepatwa kidogo akatembea kwa ncha za vidole huku magoti yakigongana, na aliyepatwa sana hakutembea tena. Maradhi haya hayaendelei kuzidi baada ya siku za kwanza, lakini wala hayarudi nyuma, na tabibu hana cha kumpa mgonjwa ila fimbo na mazoezi. Jina lake ni konzo. Tabibu Trolli alikwisha kuyaeleza mwaka 1938 katika Kongo ya Wabelgiji, na mwaka 1981 yaliwapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji, ambako Hans Rosling, tabibu kijana kutoka Uswidi, alikuwa kazini. Huko Tarime walikusanyika Howlett, tabibu wa mishipa ya fahamu, Brubaker wa hospitali ya Shirati, Rosling mwenyewe, na Mlingi. Na taarifa yao ikatoka mwaka 1990 katika jarida la Brain la Uingereza.

Katika kundi hilo la matabibu, mwanasayansi wa chakula ana kazi isiyo na fahari. Tabibu hupima goti, yeye hukusanya unga na mikojo. Kwani mwili wa binadamu nao una kimeng'enya chake cha kujihami, kiitwacho rodanezi, kilichogunduliwa na Mjerumani Konrad Lang mwaka 1933, ambacho huichukua sianidi na kuiunganisha na salfa, ikawa thaiosianeti, kitu chenye madhara machache kitokacho kwa njia ya mkojo. Hivyo apimaye mkojo wa mtu hupata ushahidi wa alichokula, hata kama mtu mwenyewe huona haya kusema kwamba kwake hakuna mboga. Na salfa hiyo haitoki hewani. Hutoka katika protini, yaani katika nyama, maziwa, mayai, samaki, na kwa kiasi fulani kunde. Kwa hiyo mwenye dagaa sahanini huistahimili sianidi ambayo jirani yake alaye ugali mtupu haistahimili. Hapa ndipo kilipo kiini cha jambo lote: wawili wamekula unga wa gunia moja, na aliyepooza ni maskini zaidi. Hiyo thaiosianeti nayo si kitu kisicho na lawama kabisa, maana hushindana na madini ya joto katika tezi ya shingo, na penye uhaba wa madini hayo huzidisha rovu.

Mwaka 1988 habari nyingine zilitoka kusini, Wilaya ya Masasi, watu wakitapika na kuzimia baada ya mlo. Safari hii haikuwa konzo, bali sumu ya papo kwa papo. Mlingi na wenzake walipochunguza walikuta njia ya mkato: muhogo mchungu ukimenywa, ukitwangwa, ukianikwa, ukitwangwa tena na kuanikwa tena, hata unga ukapatikana siku ile ile, badala ya kungojewa zile siku zilizozoeleka. Aliyebuni njia hii hakuwa mpumbavu. Alikuwa na njaa leo, na kutwanga kweli huvunja kuta za seli. Lakini jua kali lilinyonya maji kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi yake. Taarifa ya Masasi ilichapishwa mwaka 1992; mwaka 1995 Mlingi akapata shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Uppsala kwa tasnifu juu ya utengenezaji wa muhogo na sianidi katika chakula cha Watanzania; na mwaka uliofuata, pamoja na Bokanga, Kavishe, Gebre-Medhin na Rosling, akaonyesha kwamba hata mashine ya kusagia iliyo kijijini huupunguzia muhogo uwezo wake wa kuleta rovu.

Ukizisoma kazi hizi moja baada ya nyingine utaona kwamba zote ni habari za muda. Hakuna mahali ambapo watu walidhurika kwa kutojua. Walidhurika kwa kuharakishwa. Tarime waliharakishwa na ukame, na Masasi na njaa. Mfano unaonitia wasiwasi zaidi, mimi niliyesimama kando ya lami ya Didia, ni wa Bandundu, nchini Kongo, ambako watafiti Tylleskär, Banea na wenzao walieleza kwamba barabara nzuri ya kwenda Kinshasa iliufanya muhogo kuwa biashara, wachuuzi wakaja na malori, na wanawake waliokuwa wakiloweka mihogo siku tatu mtoni wakaanza kuiopoa mapema, hata baada ya siku moja. Barabara ile ile iletayo maendeleo ndiyo iliyoukata muda wa kimeng'enya. Machimbo ya Kahama na Geita yana vinywa vingi vya kulisha, na mchimbaji atokaye shimoni haulizi udaga ulivundikwa siku ngapi. Sidai kwamba yaliyotokea Bandundu yatatokea huku, ambako mtu ana mahindi na mchele na samaki wa ziwani. Lakini afisa wa kilimo apimaye bei ya gunia bila kupima kilichomo ndani yake amepima nusu ya bidhaa.

Na hapa haiwezekani kutoilinganisha sianidi ya muhogo na ile ya mgodini, kwa kuwa kanuni zake ni zile zile zikigeuzwa kichwa chini. John MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest, waliovumbua njia ya kuchenjua dhahabu kwa sianidi huko Glasgow mwaka 1887, waliitegemea kanuni kwamba maji ya sianidi yakipata hewa huyeyusha dhahabu. Lakini mwenye mtambo hataki sianidi yake igeuke hewa, maana ni hasara kwake na mauti kwa wafanyakazi wake, kwa hiyo hutia chokaa ili maji yasipate uchachu hata kidogo. Mama wa udaga anataka iruke, na mwenye mtambo anataka ikae. Kisha kazi ikiisha, huyu wa pili hubaki na maji yenye sumu ambayo ni lazima yatakaswe, na huko nako vimeng'enya vimepata ajira: katika mgodi wa Homestake, Dakota ya Kusini, Marekani, tangu mwaka 1984 walitumia bakteria wanaoila sianidi na thaiosianeti, wakayasafisha maji hata yakaruhusiwa kuingia kijitoni. Kwa nchi yenye mitambo ya kuchenjulia iliyotapakaa vijijini, hii ni kazi ambayo kijana wa bayokemia angeweza kuifanya maisha yake yote bila kuhama mkoa. Nguvu za namna hiyo tunazo: katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam Profesa Amelia Kivaisi na wenzake wameshughulika miaka mingi na vijidudu vinavyogeuza mabaki ya mkonge kuwa gesi ya kuwashia moto.

Bayoteknolojia ya vimeng'enya, kwa maana ya fedha, ni jambo jingine. Katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa nchini Kenya, Bogoria mojawapo, vimepatikana vijidudu ambavyo vimeng'enya vyao huvumilia magadi na joto, navyo vikaingia viwandani, katika sabuni na katika kulainisha nguo za jinzi. Hata Shirika la Wanyamapori la Kenya likadai haki yake, na mwaka 2007 likatia sahihi mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark. Kimeng'enya cha muhogo hakijamtajirisha mtu kwa namna hiyo, na nadhani ndiyo sababu majina ya waliokichunguza hayajulikani nje ya duara lao.

Mmoja wao ni Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, mkemia ambaye alianza kwa kuchunguza protini za sufi ya kondoo, jambo la kueleweka katika nchi yenye kondoo kuliko watu, kisha akahamia katika mazao ya mizizi ya visiwa vya Pasifiki, na kutoka huko akafika kwenye muhogo. Kwanza alitengeneza kipimo kisichohitaji maabara: kichupa kidogo, unga, kikaratasi chenye linamarazi ya kuamsha kazi, na ukanda wa karatasi ya manjano ya pikreti unaoning'inia juu yake; baada ya usiku na mchana karatasi hugeuka hudhurungi kwa kadiri ya sianidi iliyotoka, ukailinganisha na chati ya rangi. Vipimo hivi aliwapa bure watendaji wa nchi maskini. Kisha akajiuliza swali ambalo, likishaulizwa, huonekana jepesi: ikiwa unga mkavu bado una linamarini, na kimeng'enya kilicholala kwa kukosa maji bado kimo humo humo, kwa nini tusikiamshe?

Ndipo ilipopatikana njia ya kulowesha unga, na Mlingi, Nkya, Tatala na Rashid wakaipeleka pamoja naye kusini mwa Tanzania, mikoa ya Mtwara na Ruvuma, ambako konzo ilikuwa imerudi, na taarifa yao ikachapishwa mwaka 2011. Haina mashine wala kifaa cha maabara. Unga hutiwa bakulini, na usawa wake ukatiwa alama ndani ya bakuli. Maji huongezwa kidogo kidogo huku ukikoroga, na kwanza unga hushuka, kisha hupanda hata ukarudi pale pale penye alama, nayo ndiyo dalili kwamba maji yametosha. Kisha hutandazwa juu ya mkeka, unene usizidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Katika muda huo linamarazi huamka na kufanya kazi iliyokatizwa siku ya kuanika, na sianidi iliyobaki hushuka ikawa theluthi, na mara nyingine sudusi, ya ilivyokuwa. Ladha ya uchungu nayo huondoka, jambo ambalo wapishi walilipenda kuliko maelezo yote ya wataalamu. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 10 kwa kila kilo ya unga, na unga mkali sana huenda usifike hapo kwa kuloweshwa peke yake. Kwa hiyo anayeweza na avundike kwanza, na anayelowesha apike siku ile ile, kwa kuwa unga uliokwisha kupata maji haulali, na ukiivishwa, uliwe na dagaa.